Shotigani ya babu ya mitutu miwili, nitajuaje ni ya mwaka gani?

Mjukuu_wa_Kilosa: Wakuu habari za jioni. Babu yetu alifariki mwezi wa pili, kabatini tumekuta shotigani yake ile ya kukunja katikati pamoja na leseni yake ya zamani. Alikuwa anafukuzia ngiri shambani, sisi watoto haturuhusiwi hata kuigusa. Kitako kimepasuka akakifunga waya wa shaba. Jina la fundi limefutika ila mitutu ina michoro kama mawimbi, binamu anasema ni kutu anataka aipige msasa. Bibi anasema ilinunuliwa kwa mzungu wa mkonge, mwaka hakumbuki. Naombeni msaada.

MzeeGobole: Poleni na msiba. Mwambie binamu aweke msasa chini leo hii hii! Hayo mawimbi ndio mtutu wenyewe, unaitwa damaski, vipande vya chuma laini na chuma cha pua vinasokotwa pamoja, vinazungushwa kwenye fimbo vikiwa vya moto halafu vinagongwa mpaka vishikane.

Tununu: Damaski si Syria huko? Basi itakuwa ya zamani sana hiyo.

MzeeGobole: Jina tu hilo, mitutu mingi ya hivyo imefuliwa Liège kule Ubelgiji na Birmingham.

DadaMoro: Kabla ya yote pelekeni polisi na leseni ya babu, mwenye leseni akishafariki hamna ruhusa ya kukaa nayo ndani. Ukifika muombe askari aikunje, upige picha chini ya mitutu karibu na sehemu ya kuwekea risasi.

Mjukuu_wa_Kilosa: Nimerudi wakuu, tumeikabidhi jana na askari alitusaidia vizuri tu. Kuna vitaji vitatu vidogo, chini yake BV, BP na NP, halafu umbo la almasi lina 12 na C ndani.

MzeeGobole: Safi sana, hapo umemaliza kazi! Hizo ni alama za nyumba ya majaribio ya Birmingham, yaani pale bunduki zinapopimwa nguvu kabla ya kuuzwa; NP maana yake imejaribiwa kwa baruti za kisasa zisizo na moshi. Taji lenye BV, BP na NP lilianza 1904, na ile almasi ya 12 na C ilitumika 1887 mpaka 1925, kwahiyo yako ilijaribiwa kati ya 1904 na 1925. Ingekuwa ya Liège ungeona duara la yai lenye ELG.

Tununu: Kama ina NP si inapiga baruti za kisasa?

MzeeGobole: Ilifaulu jaribio la miaka ile, na mtutu ukishaliwa na kutu kwa ndani jaribio lile halikulindi. Halafu nyingi za wakati ule chemba, yaani pale risasi inapokaa, ina urefu wa milimita 65, risasi za sasa nyingi ni 70 zikishafunguka. Risasi inaingia vizuri kabisa kwa sababu mdomo wake umekunjwa, ila ikilipuka mdomo unafunguka unakosa nafasi, presha inapanda. Msiipige kabla fundi hajaipima.

Mjukuu_wa_Kilosa: Duh. Babu alikuwa anatumia hizi za plastiki, boksi lipo limeandikwa 70. Ndio maana kitako kilipasuka?

MzeeGobole: Inawezekana kabisa. Hilo boksi nalo lipelekeni polisi.