Mayosini Va imeingia kwenye melanosaiti za panya lakini rangi bado imerundikana katikati. Naomba ushauri

Melano_P: Habari wakuu. Nina melanosaiti (seli zinazotengeneza rangi) za panya zisizo na mayosini Va, protini ya mota inayobeba mizigo ndani ya seli. Melanosomu (vifuko vya rangi) zimejazana kuzunguka kiini na pembeni seli ni tupu kabisa. Nimeingiza plazmidi (duara la DNA) yenye jini ya mayosini Va nzima, GFP (protini inayong'aa kijani) ikiwa upande wa kichwa. DNA yake ilitolewa kwenye ubongo wa panya. Saa 48 zimepita, seli zinang'aa kijani, ila melanosomu hazijatawanyika. Nakuzia kwenye kioevu cha RPMI 1640 chenye seramu 10%, CO2 5%. Tatizo ni plazmidi au seli?

Darubini: Mkuu, anza na hilo neno "ubongo". Ujumbe (RNA) wa Myo5a, jini ya mayosini Va, huungwa tofauti kulingana na aina ya seli. Melanosaiti huweka eksoni (vipande vya jini) D na F kwenye mkia. Ubongo huziacha na kuweka eksoni B. Hapo F ndiyo yenye kazi. Protini ya Rab27a hukaa kwenye utando wa melanosomu, protini nyingine iitwayo melanofilini huishika, kisha melanofilini hiyohiyo huikamata mayosini Va kwenye mkia, na sehemu ya mshiko huo ni eksoni F. Ukiikosa, mota yako inatembea kwenye nyuzi za akitini kwa hatua zake za nm 36 kama kawaida, lakini haina mzigo.

Hakikisha kwa PCR (kunakili kipande cha DNA). Weka praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) pande zote mbili za eneo la B hadi F, na ukimbize jeli ya agarosi 2.5% sambamba na cDNA (DNA iliyonakiliwa kutoka RNA) ya melanosaiti za kawaida. D na F kwa pamoja huongeza kama jozi 150 za besi, kwa hiyo tofauti utaiona kwa macho. Baada ya hapo soma mfuatano, usiridhike na ukubwa wa bendi tu. Kurekebisha ni rahisi: kuza kipande cha mkia kutoka RNA ya melanosaiti, kibadilishe kwenye plazmidi uliyonayo, kichwa na shingo uviache vilivyo.

KiiniChaSeli: Naunga mkono, ila kabla ya kukata DNA hakikisha pia seli ni zile unazodhani. Panya wa dilute, ashen na leaden (aina tatu zenye hitilafu ya jini) wote wana manyoya yaliyofifia, na melanosaiti zao zote hurundika rangi katikati. Dilute ni Myo5a, ashen ni Rab27a, leaden ni Mlph, jini ya melanofilini. Ukiwa na seli za ashen au leaden, hata mayosini Va yenye eksoni F haitasaidia kitu, kwa sababu kinachokosekana ni kiungo cha kuishikilia.

Na hiyo CO2 ipandishe hadi 10%. Melanosaiti nyingi za panya zinazokuzwa kwa muda mrefu hupenda pH ya chini kidogo, karibu 6.9, na bila TPA (kemikali inayochochea seli kugawanyika) nM 200 huacha kugawanyika. Hukutaja TPA kabisa.

Melano_P: TPA ipo, nM 200. Nimejaribu western (kutafuta protini kwa kingamwili) kwenye jeli ya 10% lakini sioni bendi ya mayosini. Je, protini haitengenezwi?

Darubini: Kwa jeli hiyo usingeiona. Mnyororo mzito wa mayosini peke yake unakaribia kDa (kilodaltoni) 215, ongeza 27 za GFP. Tumia jeli ya 6%, hamisha kwa njia ya majimaji usiku kucha kwa V 30 kwenye nyuzi 4, na metanoli isizidi 10%. Ikizidi, protini kubwa hubaki kwenye jeli. Weka EGTA (hunasa kalsiamu) na vizuizi vya protease tangu unapopasua seli, maana kalpeini, kimeng'enya kinachohitaji kalsiamu, hukata mayosini Va karibu na mkia. Halafu zingatia hili: GFP yako iko kichwani, hivyo kijani hakithibitishi kwamba mkia upo. Tafuta kingamwili inayotambua mkia.

Akitini_F: Wenzangu wamegusa karibu yote. Naongeza kipimo cha kuthibitisha: chukua mkia peke yake uliounganishwa na GFP, wenye F na usio na F, uingize kwenye melanosaiti za kawaida. Wenye F hunyakua nafasi kwenye melanofilini na melanosomu hurudi katikati kama za dilute. Usio na F hauna athari hiyo. Kwa siku mbili tu unajua mkia wako unafanya kazi au la.

Pia usitegemee picha tuli pekee. Piga video ya mwanga wa kawaida, picha moja kila sekunde kwa dakika tano. Kwenye seli za dilute utaona melanosomu zikikimbia kwa mikrotubuli (mirija midogo ya ndani ya seli) hadi pembeni kabisa, kisha zinarudi zilikotoka. Safari ipo, kinachokosekana ni kuzuiwa kule mwisho kwenye akitini. Seli ikipona, melanosomu ikifika pembeni hubaki huko, ikijongea polepole na kwa umbali mfupi.

Kuhesabu: angalau seli 100 zenye kijani kwa kila plazmidi, na anayehesabu asijue ni ipi. Ruka zile zinazong'aa kupita kiasi. Kumbuka pia melanini hufyonza mwanga, kwa hiyo kijani kufifia juu ya rundo la rangi hakumaanishi mayosini haipo pale.

Melano_P: Asanteni sana wakuu. Praima naagiza leo, na jeli ya 6% naanza nayo kesho.