Intaneti ya setilaiti: kampuni inakuaje mpaka imfikie mteja wa Kipumbwi au Songe?

FundiDishi_Ngamiani:
Habari zenu wakuu. Mimi nipo Tanga mjini hapa Ngamiani, kazi yangu kufunga madishi ya tv, kamera na sola kidogo. Siku hizi simu nyingi ninazopigiwa sio za dishi la mpira tena, ni intaneti. Anapiga mtu yuko Kipumbwi kule Pangani, mwingine Moa, mwingine Songe Kilindi, wote wimbo wao mmoja, mtandao unashika ukitoka nje ukasimama juu ya kichuguu, ukiingia ndani hamna kitu, je setilaiti inawezekana na ni shilingi ngapi. Kupoint dishi najua vizuri tu ila biashara yenyewe siielewi. Hizi kampuni zinakuaje? Maana kurusha setilaiti ni mabilioni ya hela halafu mteja mwenyewe ni mvuvi, mwenye duka, shule ya kata, zahanati. Hela inarudi vipi? Na fundi kama mimi naingilia mlango gani? Naombeni anayeijua hii kazi anieleweshe, sio kuniambia nenda kagugo.

MzeeWaVSAT:
Swali zuri fundi, nalijibu kwa urefu kidogo unisamehe. Mimi kazi yangu ilikuwa VSAT, yaani mawasiliano ya dishi la setilaiti kwa mabenki, mashamba ya mkonge, meli.

Kwanza elewa kampuni ya setilaiti karibu zote haianzi na mvuvi. Inaanza na mwenye shida kubwa na mwenye hela, yaani meli, mgodi, jeshi, benki yenye tawi pasipofika faiba, kampuni ya simu yenye mnara porini. Hao wanalipa bei kubwa kila mwezi kwa sababu wakikaa bila mawasiliano wanapoteza zaidi. Waliokimbilia mtu mmoja mmoja mapema waliumia. Iridium, wale wa simu za setilaiti, walifungua huduma Novemba 1998, setilaiti 66, mradi wa kama dola bilioni 5, simu yake moja ilikuwa kama dola 3,000, Agosti 1999 wakafilisika. Mali zao zikanunuliwa kwa dola milioni 25 tu! Na kampuni ipo hai mpaka leo kwa kuhudumia jeshi la Marekani, meli na ndege. OneWeb nao, wa intaneti ya setilaiti, Machi 2020 wakaanguka wakiwa na setilaiti 74 tu angani, serikali ya Uingereza na kampuni ya Bharti ya India ndio waliowaokoa, sasa hivi wako chini ya Eutelsat, kampuni ya setilaiti ya Ulaya, na wanauza kwa makampuni mengine yanayokwenda kuuza, sio kwako wewe nyumbani.

Starlink, intaneti ya kampuni ya SpaceX, wao wamepita njia nyingine. Roketi zao wenyewe, dishi wanatengeneza wenyewe, na mwanzoni dishi waliliuza kwa hasara, 2021 kulitengeneza ilikuwa zaidi ya dola 1,000 wao wanakuuzia 499, hasara inarudi kwenye ada ya kila mwezi. Desemba 2022 walikuwa na wateja milioni 1, Septemba 2024 milioni 4. Afrika waliingilia Nigeria Januari 2023, Kenya Julai mwaka huohuo.

Sasa kitu ambacho watu hawakiangalii na ndicho kinachoamua kampuni ikue wapi: setilaiti za sasa hazimwagi mawimbi nchi nzima sawasawa kama tv, zinagawa ardhi vidoa vidoa, sisi tunaita bimu, na kila bimu ina uwezo wake. Waliomo kwenye bimu moja wanachangia, kama bomba moja la mtaa, ndoo zikizidi maji yanatoka uzi. Ndio maana Novemba 2024 Starlink walisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, walishajaa, wakati huo mtu wa Turkana anaunganishwa bila shida. Kwa hiyo huyo mteja wako wa Kipumbwi usimuone mteja wa mwisho. Kwenye setilaiti yeye ndiye wa kwanza, bimu yake iko tupu na imeshalipiwa, kila anayejiunga pale ni faida. Mjini faiba itawashinda tu.

Kijana_Horohoro:
Mzee umetisha. Mi niko huku mpakani, swali langu, kuna jamaa wanavusha madishi ya Starlink toka upande wa Kenya wanawauzia watu huku kwa bei juu, yanawaka kabisa na speed ipo. Hii kitu imekaaje?

MzeeWaVSAT:
Mwanangu usiingie huko. Kifurushi cha kutembea nacho kina masharti, dishi likikaa nchi nyingine zaidi ya miezi 2 linakatwa mpaka lirudi au libadilishiwe nchi, na mteja atakuja mlangoni kwako wewe uliyemfungia. La pili, kwa sheria yetu ya mawasiliano, EPOCA ya 2010, anayetoa huduma lazima awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kifaa kiwe kimeidhinishwa. Kabla hujampeleka mteja kwa kampuni yoyote angalia kwanza kama ina leseni, orodha ipo kwenye tovuti ya TCRA. Jina lako huku Tanga ndio mtaji wako.

BintiMwambao:
Shikamooni wakubwa. Naomba niongee kama mteja maana haya mambo yamenipata. Nina nyumba ndogo ya wageni pwani upande wa Pangani, nikanunua intaneti ya dishi kwa kampuni moja sitaitaja. Siku ya kufunga mambo safi, fundi katoka Dar, kafunga, kapiga picha, kaondoka. Masika ilipoingia ndio kilio, mvua ikinyesha inakata, nikasema sawa ni mvua, ikawa hata jua likiwaka inakata. Napiga huduma kwa wateja wananiambia zima uwashe. Zima uwashe, zima uwashe, wageni wanalalamika na hela ya mwezi imeshakatwa. Kumbe shida ni kale kakichwa ka waya nyuma ya dishi, chumvi ya bahari imekala mpaka kamegeuka kijani. Kijana wa hapa hapa kijijini ndiye aliyekata akaweka kingine, kazi ya muda mfupi tu!

Sasa mimi nasema kampuni ikitaka kukua huku pwani isituletee matangazo, ituletee mtu wa karibu mwenye vipuri. Mimi nikifurahi jirani zangu wote wenye nyumba za wageni watanunua, nikilia na wao hawanunui. Huku habari zinaenda kwa mdomo.

FundiDishi_Ngamiani:
Dada pole sana, na umenifumbua macho. Hiyo ya chumvi naijua, madishi ya Raskazone yote yana huo ugonjwa, pale lazima uzungushie tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, sio ile nyeusi ya umeme, na waya uupe mkunjo wa kushuka kabla haujaingia ndani ili maji yadondokee nje. Nguzo nayo bomba la chuma ndani ya zege, mtu anakufungia kwenye boriti ya mkoko inapinda na jua halafu tunasema kampuni mbovu.

Mzee nina swali tena, hii ya dishi kubwa na hii ya setilaiti za chini tofauti yake kwa mteja ni nini hasa?

MzeeWaVSAT:
Fundi hiyo ya nguzo usiichukulie poa. Kwenye dishi la intaneti la bendi ya Ka, yaani masafa ya juu, nusu digrii tu ikihama unaweza kupoteza nusu ya nguvu upande wa kutuma, tv inakusamehe, intaneti haikusamehi kwa sababu dishi linatuma pia.

Tofauti ni hivi. Ile ya dishi kubwa ni setilaiti iliyosimama, inazunguka sambamba na dunia, iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, hiyo unaijua, ndio maana dishi la DStv hapa Tanga linatazama karibu utosini na la Azam linalalia magharibi. Ombi lako likipanda likashuka, jibu nalo likapanda likashuka, ni karibu nusu sekunde njiani tu. Whatsapp na email haina neno, simu ya video mnaongea mnagongana. Uzuri wake setilaiti moja inafunika eneo kubwa mno, Konnect ya Eutelsat iliyorushwa Januari 2020 inabeba gigabiti 75 kwa sekunde kwa Ulaya na Afrika. Za Starlink ndio za chini, ziko kilomita 500 hivi, hakuna kusubiri, ila moja inapita juu yako dakika chache inakabidhi kwa nyingine kwa hiyo lazima wawe nazo maelfu, na dishi linataka anga wazi. Chini ya mnazi utakuwa na mikato ya sekunde sekunde siku nzima. Mvua kubwa inasumbua zote mbili.

Mwalimu_Mkwaja:
Wakubwa mmesema vizuri, mimi niongezee la hela maana hapo ndipo mtu wa kijijini anapokwama. Familia moja kulipia dishi yake peke yake ni ngumu, tusidanganyane. Lakini dishi moja kwa kijiji inawezekana. Viasat, kampuni ya setilaiti ya Marekani, wamefanya Mexico, wanaweka dishi kwenye duka, watu wanakaa pale au jirani wananunua muda kwa hela ndogo, mwenye duka anapata kamisheni na anauza na soda. Kwetu kila mtu ana simu ya kulipia, vocha ya wifi haina ugumu wowote, ila mwenye duka apewe haki ya kuuza tena kwa maandishi, vifurushi vingi vya nyumbani haviruhusu kuuzia watu.

Na uhitaji upo jamani, naumia nikiona. Mwanafunzi wangu akitaka kuomba mkopo wa chuo HESLB, bodi ya mikopo, anapanda bodaboda mpaka mjini, nauli, chakula, steshenari inamtoza, mtandao ukigoma anarudi kesho. Mtoto wa mtu maskini anakosa chuo kwa sababu ya fomu! Najua UCSAF, mfuko wa serikali wa mawasiliano, wanatoa ruzuku ya minara vijijini, Mei 2023 ilisainiwa minara 758 na ikija tunashukuru, ila mnara wa sauti tu bila intaneti hautusaidii kwenye hili.

FundiDishi_Ngamiani:
Mwalimu umenigusa. Basi nimeona pa kuanzia, sio kwa mtu mmoja mmoja, ni duka, shule na zahanati, na kampuni yenye leseni inayokubali fundi wa mkoani awe na vipuri. Umeme sasa, nyumba nyingi za huko ni sola, dishi linakula kiasi gani?

MzeeWaVSAT:
Lile la kawaida la Starlink kutegemea toleo ni wati 50 mpaka 100, ile ndogo ya Mini 25 mpaka 40. Tuseme Mini inakula 40 kwa masaa 10, hiyo ni wati-saa 400. Betri ya asidi ya volti 12 ampea-saa 100 ina 1,200 ila usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600, inatosha na taa mbili tatu juu. Paneli usimwekee ya 100 eti ya kiangazi inatosha, weka 200 na zaidi, masika mawingu yanakaa siku nzima. Na bei mpe ikiwa kamili tangu mwanzo, dishi, nguzo, zege, sola, nauli yako ya kurudi kuangalia. Halafu kabla hujachimba shimo la nguzo kaa pale kijijini uhesabu wanaoingia dukani jioni, wanaonunua bando wanatumia shilingi ngapi kwa wiki. Hiyo hesabu ndio upeleke kwa kampuni, mtu wa mauzo wa Dar hana namna ya kuijua.