Sinia la mboga za kuchoma kwa meza ya watu wengi: nizipange vipi motoni?

Wanajukwaa, salamu. Ninasimamia jiko la mgahawa mdogo hapa Mombasa, na wageni wengi siku hizi huagiza sinia moja la mboga za kuchoma ili wale pamoja. Tatizo ni kwamba biringanya hubaki mbichi katikati ilhali nyanya zimekwisha kupondeka. Nifanyeje?

Jibu la 1: Ndugu yangu, usizitie zote motoni kwa wakati mmoja. Tanguliza mihogo uliyokwisha kuichemsha, ufuatishe mahindi, kisha biringanya iliyokatwa vipande vyembamba na kupakwa mafuta, na nyanya ziwe za mwisho. Pilipili hoho ziache nzima mpaka ganda liwe jeusi, uzifunike kwenye bakuli ili mvuke ulilegeze, ndipo umenye. Wakatalonia wa Hispania huandaa hivyo chakula chao kiitwacho escalivada, ambacho huliwa hata kikiwa kimepoa; kwa hiyo usiharakishe sinia kwa kuogopa kupoteza moto.

Jibu la 2: Naongeza jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi ya mpangilio: tenga wavu wa mboga na wavu wa nyama, kwa sababu wapo wageni wasiokula nyama kwa imani yao, na mafuta ya mbuzi yakidondokea biringanya utakuwa umewakosea. Wajaini, yaani wafuasi wa dini ya Ujaini yenye asili ya India, huepuka pia vitunguu, viazi na mihogo, basi waulize kabla ya kuchoma.

Jibu la 3: Mchuzi wa ukwaju uwekwe kando, usimwagiwe juu.