TAZARA, Dar hadi Kasama na mama mzee: mpakani inakuwaje?

Binti Temeke
Wadau, habarini. Mama yangu ana miaka 71, magoti hayamruhusu kukaa kwenye basi siku nzima. Dada yangu aliyeolewa Kasama, Zambia, kajifungua, na bibi anataka kumwona mjukuu, hataki kusikia kingine. Nimewaza treni ya TAZARA. Hatuna wakala wala mwenyeji njiani, ni mimi na yeye. Je, mpakani tunashushwa na mabegi tupange foleni? Na daraja gani linamfaa mtu asiyeweza kukwea kitanda cha juu? Pasipoti tunazo.

Kijana wa Uyole
Pasipoti zipo, umemaliza. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia. Siku ya kwanza msilale mchana, treni inakatiza hifadhi ya Nyerere, mnaweza kuona twiga na tembo bila kulipa kiingilio.

Mama Mchele
Hongera ya mjukuu, mwanangu. Ile treni nimeipanda miaka mingi nikipeleka mchele wa Mlimba hadi Nakonde, kwa hiyo nisikilize mie.

Mimi mpakani sijawahi kushushwa. Treni ikisimama Tunduma, watu wa uhamiaji wa kwetu wanapanda na mihuri yao, wanapita chumba kwa chumba. Ikisogea Nakonde wanapanda wa Zambia. Mama anabaki amejinyoosha kitandani. Pasipoti zote mbili na kadi za chanjo ya homa ya manjano ziweke kwenye kipochi cha shingoni. Usizichimbie begini, maana ukianza kupekua ofisa kasimama mlangoni, chumba kizima kitazijua nguo zako za ndani. Yalinikuta.

Nyuma yao wanakuja wabadilisha pesa, na hapo ndipo nilipolizwa. Safari yangu ya kwanza kijana alinihesabia kwacha taratibu, noti juu ya noti, na mimi nikafurahia sufuri zilivyo nyingi. Kumbe zilikuwa za kabla ya 2013, mwaka Wazambia walipofuta sufuri tatu kwenye pesa yao. Nilikuja kujua kwa muuza ndizi dirishani. Alicheka mpaka akatua sinia chini, halafu akanipa ndizi mbili za bure, Mungu ambariki. Kwa hiyo badilisha ya chakula tu. Ukipewa noti ya elfu hamsini, mrudishie hapohapo kabla hajaruka.

Daraja: la pili ni vitanda sita chumbani, la kwanza vinne. Chukua la kwanza, na kitanda cha chini kiombe pale dirishani unapokata tiketi, usingoje kuombana huruma ndani ya behewa. Wanawake wanakaa na wanawake, wanaume kwao, hivyo mama hatakosa wa kupiga naye soga.

Soksi! Kutoka Mlimba kupanda Makambako ni milima na mahandaki, moja halijaisha unaingia lingine, na treni inakwenda kama mjamzito kwenye ngazi. Ukifika juu ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba, Makambako si mahali pa khanga mbili.

Mdau wa Mbozi
Yote sawa, ila kabla ya kununua hizo soksi nenda stesheni pale makutano ya Nyerere na Mandela, uulize kama treni ya abiria ipo wiki hiyo na siku gani. Ratiba hubadilika, usiamini picha ya tangazo uliyotumiwa WhatsApp. Ikishindikana, nendeni na basi mpaka Mbeya, mlale, kesho yake Tunduma ni karibu. Kwa mgonjwa wa magoti, vipande viwili ni bora kuliko kimoja kirefu.

Binti Temeke
Asanteni sana, hasa wewe mama. Shemeji ndiye atatupokea Kasama. Naambiwa saa zao si zetu?

Mama Mchele
Wako nyuma yetu saa moja. Kwetu ikiwa saa nne usiku, kwao ni saa tatu. Na ukumbuke wao hawahesabu saa kama sisi, hiyo saa tatu yetu wao wanaiita tisa. Kwa hiyo usimwambie saa, mwambie "tumevuka Nakonde", mengine atapiga hesabu mwenyewe. Laini yako ikigoma, azima simu ya jirani wa chumbani. Na mfundishe mama "mulishani", ndiyo hujambo ya Kibemba. Wakwe watampenda.

Binti Temeke
Kashaanza kuirudia jikoni. Sasa anauliza kama anaweza kumbebea mzazi jogoo.

Mama Mchele
Jogoo hai mpakani anadaiwa kibali cha mifugo, na hana pasipoti. Amkaange.