Kwa nini spiriti ikishatoka mnarani inarudishwa tena ndani?

Kijana_SouthB
Wakubwa, niko atachimenti kwenye kiwanda kimoja Industrial Area, tunakeneka spiriti. Mvuke unatoka juu ya mnara, unapozwa kwenye kondensa, spiriti hiyo hapo. Halafu robo tatu yake inarudishwa ndani kwa juu! Nilimuuliza supavaisa, akasema "hiyo ni rifluksi" akaenda zake. Jina nimelipata, sababu bado. Si tunachoma mvuke wa boila bure?

Fundi_Mnara
Supavaisa wako aliwahi chai. Kaa tuongee, mdogo wangu.

Achana na kinachotoka, fikiria sahani zilizo ndani, zile ngazi zenye matundu zilizopangwa moja juu ya nyingine mnarani. Kimiminika chenye alkoholi asilimia 10 kwa uzito kikichemka, mvuke wake huwa na alkoholi takriban nusu. Mtungi wa changaa huishia hapohapo, labda mwenyewe akeneke mara ya pili. Mnara unairudia kazi hiyo kwenye kila sahani bila kusimama: mvuke unapanda na kupenya kimiminika kinachoshuka, unaacha maji yake humo, na joto la maji hayo linaifukuza alkoholi ipande sahani inayofuata.

Sasa nikuulize: juu ya pale malighafi inapoingilia, kimiminika cha kushuka kinatoka wapi? Ni hicho mnachokirudisha. Kifunge uone: sahani za juu zitakauka na mvuke utapita na maji yake yote.

Gharama ipo, sikubishii. Kila lita inayorudi, riboila, kile kichemshio cha chini ya mnara, lazima ilipe kwa joto. Lakini mkirudisha kidogo mno, hata sahani mia hazitawafaa. Mkirudisha yote, usafi unafika kileleni, ila tangi la mauzo halipati tone. Ndivyo tunavyouwasha mnara: yote yanarudi mpaka joto la juu litulie, ndipo tunafungua valvu ya kutolea. Na msiusukume mvuke kupita kiasi. Utakizuia kimiminika kushuka na mnara utafurika. Tazama geji: tofauti ya presha kati ya chini na juu itapanda ghafla.

Mama_Maabara
Nyongeza tu. Kama mnara wenu uko kwenye presha ya hewa ya kawaida, usishtuke kipimajoto cha juu kikisoma chini ya zile nyuzi 78 za kitabuni, joto ambalo ethanoli (alkoholi yenu) huchemka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, maji yenyewe huku huchemka karibu nyuzi 94. Kitabu chako kinasema kweli Mombasa.

Kijana_SouthB
Asanteni sana. Basi tukizidisha rifluksi tutafika asilimia 99?

Fundi_Mnara
Hamfiki. Ikikaribia 95.6 kwa uzito, mvuke na kimiminika vinakuwa na mchanganyiko uleule. Hiyo ndiyo azeotropu, na sahani hazina tena cha kutenganisha. Kuanzia hapo kazi ni ya zeolaiti ya 3A, punje za madini zenye vitundu vidogo sana: vitundu vyake vinapokea molekuli za maji, ethanoli haiingii. Angalia kama pembeni kuna matangi mawili yanayopokezana, moja likikausha spiriti huku lingine likitolewa maji. Kama hayapo, kuzidisha rifluksi ni kumtajirisha muuza mafuta ya boila tu.