Wayalesi ya gitaa la umeme isiyozidi laki tatu: nichukue ipi kwa matumizi ya kanisani?

Solo wa Tabata

Ndugu wanamuziki na mafundi mitambo, habari za kazi. Ninapiga gitaa la solo katika kwaya ya kanisa moja hapa Tabata. Kwa miaka yote nimetumia waya wa mita sita unaotoka kwenye gitaa hadi kwenye pedali mbili, na kutoka hapo hadi kwenye amplifaya iliyo nyuma ya mpiga ngoma. Jumapili mbili zilizopita mwalimu wa kwaya alijikwaa kwenye waya huo alipokuwa akirudi kinyumenyume huku akiwapa wa sauti ya pili ishara ya kuingia. Hakuanguka, ila jeki ilichomoka, amplifaya ikatoa mlio ulioamsha hata watoto waliolala kwenye mikeka, na baada ya ibada kamati ikaniagiza nitafute namna ya kuondoa waya sakafuni. Wamenipa laki tatu.

Jumatano nilikwenda Kariakoo nikaonyeshwa aina tatu. Ya kwanza ni vipande viwili vidogo vya kuchomeka, kimoja kwenye gitaa na kingine kwenye pedali, vimeandikwa gigahezi 2.4. Ya pili inafanana nayo kwa kila kitu isipokuwa imeandikwa 5.8 na bei yake imezidi kidogo. Ya tatu ni ya mtumba kutoka Marekani: kiboksi cha kuvaa mkandani kinachotumia betri za kawaida, pamoja na risiva ya chuma yenye antena mbili, na muuzaji anasema hiyo ni UHF, ndiyo wanayotumia wakubwa. Alinijaribishia zote tatu tukiwa tumeachana hatua tatu hivi, na zote zilisikika vizuri, jambo lililonichanganya zaidi.

Gitaa langu lina pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za koili moja zisizotumia betri, na tundu la jeki limezama usoni kama la Stratocaster. Ukumbi wetu una urefu wa mita 25 hivi, una Wi-Fi ya kurushia ibada mtandaoni, na tuna maiki nne za wayalesi. Naombeni mwongozo kabla sijatoa fedha za kamati.

Fundi Mitambo Kinondoni

Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Jaribio la dukani halikukuambia lolote, kwa sababu katika hatua tatu hata kifaa kibovu hufanya kazi. Linalokuhusu ni hali ya hewani ndani ya ukumbi wenu Jumapili saa nne asubuhi, watu wakiwa wamejaa na kila mmoja ana simu mfukoni.

Nianze na ile ya mtumba, maana ndiyo inayoweza kukula fedha zote. UHF, yaani masafa ya redio ya mamia ya megahezi, si teknolojia mbaya, na vifaa vizuri vya jukwaani vingi ni vya UHF. Lakini geuza kile kiboksi usome kibandiko cha nyuma uone megahezi ngapi. Marekani ilikataza maiki na vifaa vya wayalesi kwenye megahezi 700 tangu Juni 2010, na sehemu kubwa ya megahezi 600 tangu Julai 2020, kwa sababu masafa hayo yalipewa kampuni za simu. Vifaa vilivyokatazwa kule havikuyeyuka, vingi viliuzwa kwa bei ya kutupa. Nasi hapa tuna hesabu hiyohiyo: televisheni za dijitali, ambazo Dar es Salaam ilihamia rasmi Desemba 31, 2012, ziko kwenye UHF, na megahezi 700 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilizinadi kwa kampuni za simu mwaka 2018. Kwa hiyo ukinunua kifaa cha megahezi 700 na kitu, utakuwa unashindana na mnara wa simu, na mnara hauchoki. Kama ni cha analogia, kuna kasoro nyingine ambayo mpiga solo huisikia kabla ya mtu yeyote: sauti hubanwa inaporushwa na kutanuliwa inapopokelewa, hivyo noti ndefu inapofifia husikika kama inapumua badala ya kuzimika taratibu.

Sasa 2.4 na 5.8. Gigahezi 2.4 ndiyo sokoni pa hewani: Wi-Fi nyingi ziko hapo, Bluetooth iko hapo, na baadhi ya maiki za bei nafuu ziko hapo pia. Nafasi yote ni kutoka megahezi 2,400 hadi 2,483.5, na Wi-Fi moja peke yake huchukua takriban 20. Kwa kuwa kanisa lenu linarusha ibada mtandaoni, ruta inatuma data mfululizo kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka, yaani muda uleule unaopiga gitaa. Gigahezi 5.8 ina nafasi zaidi na msongamano mdogo, lakini mawimbi yake ni mafupi, kama sentimita tano tu, na hayapendi kuzuiwa. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi haya yote mawili, ila lile fupi ndilo linaloumia zaidi. Ukigeuka ukaipa risiva (kipande cha kupokea) mgongo huku transmita (kile cha kwenye gitaa) iko tumboni, wewe mwenyewe ndiwe ukuta.

Kwa maelezo yako, mimi ningechukua 5.8, kwa masharti mawili. Kwanza, muulize anayesimamia ruta inatumia chaneli gani kwenye gigahezi 5; kama ni 149 hadi 165, aihamishie 36 au 40, kwa kuwa zile za juu zimo ndani ya eneo lilelile la 5.8. Pili, risiva isikae nyuma ya ngoma. Iweke mbele kwenye pedali, mahali unapoiona kwa macho yako. Kama macho yako hayaioni, na mawimbi yanahangaika.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti, wengi huogopa bila kupima. Katika joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, maana yake milisekunde moja ni kama sentimita 35. Kampuni ya Boss wanatangaza milisekunde 2.3 kwa wayalesi yao ya WL-20, na Xvive wanasema yao ya U2 haizidi 6. Hizo 6 ni sawa na kusimama mita mbili kutoka kwenye amplifaya, jambo unalolifanya kila Jumapili bila kulalamika. Isipokuwa tahadhari: pale Kariakoo kuna vifaa vya Bluetooth vinavyouzwa kwa jina hilihili la wayalesi. Bluetooth ya kawaida yaweza kuchelewa milisekunde 200, ambazo ni takriban mita 70, yaani upana wa kiwanja cha mpira. Utapiga noti huku, nayo isikike kama inatoka kwa golikipa wa kiwanja cha pili. Usiguse.

Ridhimu wa Zamani

Vijana, mimi nimepiga ridhimu kwenye bendi za dansi tangu enzi ambazo amplifaya ilibebwa na watu wawili, na wayalesi niliinunua uzeeni kwa sababu mwanangu alinishawishi. Ilikuwa ya 2.4. Tulikuwa na kazi ya kila Ijumaa kwenye baa moja ya Sinza ambayo jina lake silitaji. Nyumbani ilifanya kazi vizuri, mazoezini vizuri, lakini kule baa ilikuwa ikikatika kila mara tunapoingia kwenye sebene, na nilianza kuamini kuwa chombo kina kisirani na mimi. Wiki ya tatu nikagundua kuwa ukuta wa nyuma ya jukwaa ndio ukuta wa jiko, na upande wa pili wake lilikaa oveni ya maikrowevu ya kupashia kuku. Sebene ilikuwa inaanza saa tano, na saa tano ndipo wateja walipokuwa wakiagiza chakula. Mwanangu ndiye aliyenieleza kwamba oveni hizo hufanya kazi karibu na 2.45, na zilizochakaa huvuja kidogo mlangoni. Tukahamisha risiva upande wa pili wa jukwaa, kukatika kukapungua, ingawa hakukwisha kabisa.

Maoni yangu ni kwamba mpiga gitaa asiyecheza jukwaani hahitaji wayalesi. Waya mzuri wa mita sita, uliopitishwa kwenye mkanda wa gitaa kabla ya kuingia tunduni ili ukivutwa usichomoke, na ukabandikwa sakafuni kwa gundi ya kitambaa, gharama yake haifiki nusu ya fedha ulizopewa. Mwalimu wa kwaya naye aangalie anakokanyaga.

Besi Mbagala

Nakubaliana na Fundi kuhusu 5.8, nami naongeza mambo ambayo hayaandikwi kwenye boksi.

Tundu lililozama kama lako ni tatizo. Transmita nyingi ndogo zina jeki inayozunguka, lakini kiuno chake huwa kinene na hakizami hadi mwisho, na jeki isiyofika mwisho hukwaruza kila unaposogea. Nenda dukani na gitaa lako mwenyewe, siyo lao. Ikishindikana, nunua kipande kifupi cha waya chenye jeki iliyopinda upande mmoja na tundu upande mwingine, uifunge transmita kwenye mkanda. Wenye magitaa ya pikapu za betri waangalie zaidi, kwa maana baadhi ya transmita huvuma zikichomekwa humo kutokana na jinsi tundu lao lilivyofungwa ili kuwasha betri.

Pia usishtuke ukisikia gitaa limekuwa kali. Waya mrefu hula kidogo sauti za juu za pikapu zisizotumia betri, na masikio yako yamezoea upungufu huo. Ukiuondoa, sauti zote zinarudi. Vifaa vingine, kama WL-20 niliyoona imetajwa, huiga makusudi tabia ya waya. Kwa vya bei nafuu, punguza toni ya gitaa kidogo tu, utarudi ulipokuwa.

Solo wa Tabata

Shikamoo mzee Ridhimu, na asanteni nyote. Waya kupitishwa kwenye mkanda sikuwahi kufundishwa, na leo nimeanza. Hata hivyo mbele yetu wanapita watoto wa shule ya Jumapili, na gundi ya kitambaa huachia kila wanapopiga deki, kwa hiyo kamati haitaniacha.

Nimerudi Kariakoo. Kibandiko cha ile ya mtumba kilisomeka megahezi 740 na kitu, nikairudisha mezani. Muuzaji wa 5.8 alikataa kunipa niende nayo kanisani kwa majaribio, akanionyesha maandishi ya ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Je, kuna namna ya kuijaribu bila kuinunua?

Fundi Mitambo Kinondoni

Azima. Wapiga gitaa wenye 5.8 hapa mjini si wachache, na Jumapili mchana wengi wao wako nyumbani. Ijaribie kwenye ibada, siyo baada ya watu kutoka. Piga noti moja ndefu, tembea polepole kutoka ulipo hadi mwisho wa eneo lako, kisha geuka uipe risiva mgongo na usimame hapo ukihesabu hadi kumi. Mtu wa mitambo akae na kipokea sauti cha masikioni, aandike kila sehemu inapokatika. Ukiridhika, nunua modeli ileile, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa maana bila hiyo hata wiki moja ya dhamana huwezi kuidai.

Solo wa Tabata

Nimeazima kwa rafiki anayepiga kwenye kumbi za harusi, na nimeitumia ibada nzima ya leo. Ruta ilikuwa kweli kwenye chaneli 149, kijana wa mtandao akaihamisha 40 jana jioni. Kuanzia saa tatu na nusu hadi saa sita kasoro, sauti ilikatika mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa nimesogea nyuma ya nguzo ya zege iliyo karibu na kina mama wa sauti ya kwanza, huku nimeipa risiva mgongo. Nikiwa mbele ya nguzo haikukatika hata mara moja, ingawa watu walikuwa wamesimama wakipunga vitambaa kati yangu na pedali. Tundu la gitaa lilikuwa kama Besi Mbagala alivyosema: transmita haikuzama, ikabidi nitumie kipande cha waya. Na gitaa limekuwa kali kweli, mpiga kinanda aliniuliza kama nimebadili nyuzi.

Kesho nakwenda kununua. Limebaki moja tu: betri ya ndani wameandika saa tano, nasi siku za mkesha tunapiga kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri.

Besi Mbagala

Hizo saa tano ni za kifaa kipya. Joto letu na chaji za kila wiki zitaipunguza betri taratibu, na vifaa vingi vya aina hii havifunguliwi ili kuibadilisha. Kwenye mkesha, chomeka vyote viwili kwenye pawabenki wakati wa neno, kwa kuwa mahubiri ya usiku hayapungui saa nzima. Na uchaji Ijumaa, usisubiri Jumamosi jioni, maana umeme wa Tabata unaufahamu kuliko mimi.