Naomba ushauri: uzi wa A wa cello hautulii kwenye noti ya G (Bach Suite ya 5)

Wadau habari zenu, nawaombeni ushauri hasa mnaopiga cello (fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa). Najiandaa kurekodi Prelude (kipande cha kufungulia) ya Suite ya 5 ya Bach, ile ya C minor, na kwenye nakala ya mkono ya mkewe Anna Magdalena uzi wa juu unashushwa toka A mpaka G, ndo maana sauti inakuwa nzito na ya giza vile, naipenda mno. Shida uzi ukishalegezwa hautulii, katikati ya kipande tyuni ishapanda. Nimeulaza kwenye G usiku kucha, nimefunga mpya, bado. Najua wengi wanapiga kwa tyuni ya kawaida ila kuna kodi (chords, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inabidi upunguze noti, roho inaniuma.

Je uzi wa utumbo unatulia kuliko wa chuma? Na chumba kikiwa kidogo maiki ikae umbali gani?